Mpira Mdogo Mdomoni mwa Turbo

Katikati ya injini ya OM642 ya Mercedes-Benz, ndani ya bonde linalotenganisha safu mbili za silinda, imelazwa mota ndogo ya umeme. Kazi yake ni kugeuza vibati vinavyoizungusha hewa inapoingia kwenye silinda, ili dizeli ichanganyike nayo vizuri. Juu ya bonde hilo, upande wa nyuma, imekaa turbo. Kwenye mdomo wa turbo, pale paipu ya hewa safi inapochomekwa, kuna mpira wa duara wa rangi ya chungwa iliyokolea. Mpira huo ukikakamaa, oili huanza kupenya tone kwa tone, ikateremka bondeni na kuiangukia mota. Siku oili inapoingia ndani ya mota, umeme hupiga shoti, fyuzi hukatika, taa ya injini huwaka na gari hukataa kuvuta.

Mwenye gari huambiwa mota imekufa. Ni kweli imekufa. Ila kuifikia kunataka manifoldi za hewa ziondolewe, kazi ya siku nzima na zaidi kwa fundi asiyeizoea, na mota mpya hugharimu mara nyingi zaidi ya mpira ulioleta balaa lote. Tena mota mpya ikifungwa huku mpira mkongwe umeachwa mahali pake, oili itaendelea kudondoka palepale.

Dai la mhadhara huu ni kwamba mpira wa mdomo wa turbo, pamoja na mwenzake wa paipu ya kupumulia injini, ni vitu vya kubadilishwa kwa umri wake, kama inavyobadilishwa filta ya hewa. Desturi ya gereji nyingi ni kungoja mpaka oili ionekane. Desturi hiyo inawagharimu watu pesa nyingi, na inawaumiza hasa wale walionunua gari lililokwisha kutumika, ambao ndio wengi Afrika Mashariki.

OM642 imechaguliwa kwa sababu inalionyesha jambo hili waziwazi. Ilianza kuuzwa mwaka 2005: injini ya dizeli ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, pembe ya digrii 72 kati ya safu na safu, ujazo wa sentimita za ujazo 2,987. Ilifungwa kwenye C-Class, E-Class, ML, GL na Sprinter. Na kwa kuwa siku hizo Daimler na Chrysler zilikuwa kampuni moja, ikaingia pia kwenye Jeep Grand Cherokee na Chrysler 300C. Magari ya namna hii yameshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam yakitoka Uingereza na Japani, usukani ukiwa kulia, baada ya kutumika huko miaka kadhaa. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka minane. Tanzania huyapokea hata yaliyozeeka zaidi, lakini huyatoza ushuru wa uchakavu. Kwa vyovyote vile, mnunuzi hupokea gari lenye rangi inayong'aa na mipira iliyokwisha kupikwa kwa miaka.

Ili kujua kwa nini oili ifike mdomoni mwa turbo, mahali panapopita hewa tu, inabidi kwanza kuangalia jinsi injini inavyopumua. Pistoni haizibi silinda kikamilifu hata ikiwa mpya. Kila mlipuko unaposukuma pistoni chini, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kuingia sehemu ya chini ya injini, kwenye krenkishafti na sampu. Gesi hiyo isipopata njia ya kutoka, shinikizo hupanda na kuisukuma oili nje kupitia kila sili na kila gasketi. Kwa hiyo injini hupewa paipu ya kupumulia. Magari ya zamani yaliitoa gesi hiyo moja kwa moja barabarani, pamoja na harufu yake na matone ya oili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo la California, lililokuwa likisumbuliwa na moshi mzito angani, liliwalazimisha watengenezaji kuirudisha gesi ndani ya injini ikaungue, na taratibu ulimwengu mzima ukafuata.

Kwenye injini yenye turbo, mahali pazuri pa kuirudishia gesi hiyo ni kabla tu ya turbo, kwa sababu hapo pana mvuto. Ndiyo maana paipu ya kupumulia ya OM642 huondoka kwenye kava ya tapeti, ikapitia kitenganishi kinachokusudiwa kuichuja oili, kisha ikaungana na paipu kubwa ya hewa karibu kabisa na mdomo wa turbo. Kitenganishi hakikamati yote. Ukungu wa oili unaopona hugusa ukuta wa paipu, hugeuka tone, na tone huteremka hadi sehemu ya chini kabisa ya kiungo. Hapo ndipo ulipo mpira. Toyota Land Cruiser Prado na Hilux za D-4D nazo hurudisha gesi kabla ya turbo kwa mtindo huohuo, ingawa silinda zao zimepangwa kwa mstari mmoja na oili inayovuja haina mota ya kuiangukia. Kwa hiyo utando mwembamba wa oili ndani ya paipu ya hewa ni jambo la kawaida. Kinachotakiwa ni kwamba ubaki ndani.

Mpira wa duara unaoziba kwa kubanwa ndani ya mfereji ni kitu chenye historia. Mdenmaki aliyehamia Marekani, Niels Christensen, ndiye aliyepata hataza yake ya Marekani mwaka 1939, akiwa mzee. Siri yake ni kwamba mpira hubanwa kidogo, nao kwa asili yake hutaka kurudi katika umbo lake. Kule kutaka kurudi ndiko kunakoziba. Joto likiendelea kuushambulia kwa miaka, uhai huo huisha. Mpira hubaki na umbo la mfereji ulioubana, ukawa bapa upande mmoja, mgumu, wakati mwingine wenye nyufa nyembamba kama nywele. Ukiwekwa mezani karibu na mpya, tofauti huonekana bila kipimo chochote.

Joto hilo halitoki kwa kuendesha tu. Wakati gari linatembea, hewa baridi hupita ndani ya paipu na upepo hupita chini ya boneti. Dereva anapozima injini baada ya mlima au foleni ndefu, mikondo yote miwili hukatika, huku nyumba ya turbo upande wa moshi ikiwa imetoka kupitisha gesi yenye mamia ya digrii. Joto lililohifadhiwa kwenye chuma husambaa polepole kwa majirani zake, na mpira wa mdomoni ni jirani wa karibu. Safari ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, takriban kilomita 480, hupandisha gari kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 hivi. Kadiri hewa inavyozidi kuwa nyepesi ndivyo turbo inavyolazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuijaza silinda. Turbo ya gari dogo la dizeli huzidi mizunguko 100,000 kwa dakika. Gari linalofanya safari hiyo kila wiki, kisha likaingia kwenye foleni za jiji na kuzimwa likiwa moto, huichosha mipira yake mapema kuliko linalotembea kwenye tambarare ya nchi baridi.

Kuvuja kwa oili, hata hivyo, ni nusu ya habari, na kwa barabara za Afrika Mashariki pengine ni nusu iliyo nyepesi.

Injini inapofanya kazi, ndani ya mdomo wa turbo huwa na mvuto. Ufa ulioko kwenye mpira wakati huo hautoi kitu nje, unavuta ndani. Injini ikizimwa, mvuto huisha, na oili iliyokusanyika hupita kwenye ufa uleule ikitoka nje. Basi gari likiwa safarini linavuta hewa isiyochujwa, na likiegeshwa linatoa oili. Hewa hiyo imeshaipita filta, na imeipita pia sensa inayopima hewa. Kompyuta ya injini haiihesabu, kwa hiyo hesabu zake za moshi unaorudishwa kwenye silinda huharibika. Lakini hatari kubwa ni vumbi lenyewe. Vumbi la barabara ya moramu limejaa chembe za silika, ambazo ni ngumu kuliko aluminiamu ya feni ya turbo. Feni inayozunguka kwa kasi iliyotajwa hapo juu, ikipigwa na chembe hizo mwezi hadi mwezi, huliwa kingo za mapanga yake. Zinazopita hapo huingia kwenye silinda na kukwaruza kuta zake. Ringi huanza kupitisha gesi zaidi. Gesi zaidi huleta ukungu mwingi zaidi wa oili kwenye paipu ya kupumulia. Mmiliki anayenunua filta bora kila huduma na kuuacha mpira wa zamani analinda mlango mmoja wakati dirisha la pembeni liko wazi.

Fundi anaweza kulijua hili kwa kidole. Paipu ya hewa ikishafunguliwa, apitishe kidole ndani yake baada ya filta na kukisugua na kidole kingine. Oili laini haina neno. Oili yenye ukwaru, au pete ya tope jeusi mahali mpira ulipokaa, inaonyesha kwamba vumbi limekuwa likiingia kwa muda.

Kosa linalowaumiza wenye magari zaidi ya yote ni kuihukumu turbo bila ushahidi. Fundi hufungua paipu, huona oili, na hutamka kwamba turbo imekwisha. Turbo ya OM642 ni ghali, na kuing'oa ni kazi kubwa. Kabla ya kufikia hukumu hiyo, ni lazima aulize oili imeonekana upande gani wa feni. Ikiwa iko kabla ya feni, upande wa filta, na njia yake inaonekana kuanzia pale paipu ya kupumulia inapoungana, basi imetoka kwenye paipu hiyo. Kisha ashike ncha ya shafti kwa vidole, injini ikiwa baridi. Kucheza kidogo kwa ubavu ni kawaida, kwa sababu shafti ya turbo huelea juu ya utando wa oili. Kucheza kwa kwenda mbele na kurudi nyuma hakupaswi kuhisika kwa vidole. Mapanga yaliyogusa ukuta huacha alama ya kukwaruza inayoonekana kwa tochi. Kama hakuna alama, na shafti haichezi mbele na nyuma, turbo hiyo haina sababu ya kutupwa.

Kuna hila nyingine inayowadanganya hata mafundi wazuri. Turbo yenyewe haizibwi kwa mpira bali kwa ringi nyembamba za chuma, na oili yake hurudi kwenye sampu kwa kuteremka tu, bila pampu. Kitenganishi cha paipu ya kupumulia kikiziba, shinikizo ndani ya injini hupanda, oili ya turbo hukosa pa kuteremkia, na hutafuta njia kupitia ringi zile. Turbo nzima kabisa huanza kuonekana kama mbovu. Ikibadilishwa, mpya nayo itavuja baada ya muda mfupi, na lawama itaangukia duka la spea. Kipimo cha kwanza ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma taratibu, kifuniko cha kujazia oili kinalegezwa. Pumzi ndogo ni ya kawaida. Kifuniko kikirushwa, au gesi ikitoka kwa nguvu, ama kitenganishi kimeziba ama ringi za pistoni zimechoka. Paipu ya kupumulia ikichomolewa kwenye kava na nguvu ile ikatulia, tatizo liko kwenye njia ya kupumulia.

Oili iliyojazwa kupita alama nayo huongeza ukungu. Katika gereji nyingi hujazwa chombo kizima kwa kuwa kimenunuliwa kizima, na kijiti hakitazamwi.

Ukungu huo ukizidi sana unaweza kuleta jambo la kutisha. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwasha chochote kinachowaka kikibanwa vya kutosha. Oili nyingi ikivutwa kupitia turbo, injini huweza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, mizunguko ikapanda bila kukanyagiwa mafuta, na kuzima ufunguo kusisaidie kwa sababu dizeli si chakula chake tena. Gari la gia za mkono huzimwa kwa kuweka gia ya juu kabisa, kukanyaga breki kwa nguvu na kuachia klachi. La gia za otomatiki halina njia hiyo. Kilichobaki ni kuinyima injini hewa, na mtu asijaribu kuziba mdomo wa paipu kwa mkono wake. Mpira wa mdomoni peke yake hauleti janga hili. Lakini fundi anayefungua hapo na kukuta dimbwi la oili ndani ya paipu, si utando tu, ana wajibu wa kufuatilia chanzo chake kabla ya kulirudisha gari barabarani.

Njia mbili za mkato zimeenea, na zote zinastahili kukataliwa. Ya kwanza ni kupaka gundi ya silikoni mahali pa mpira. Gundi ikikaa kwenye oili na joto hulainika, vipande vyake hubanduka, na vikibanduka upande wa ndani vinakwenda moja kwa moja kwenye feni ya turbo. Ya pili ni ya mota iliyokufa: rizista ndogo huchomekwa kwenye soketi yake ili kompyuta iamini kwamba mota ipo na inafanya kazi. Taa huzimika na gari huvuta. Vibati havigeuzwi tena, oili inaendelea kuvuja, na mnunuzi atakayefuata hataelezwa. Kufanya hivyo kwa gari la mtu bila kumwambia ni udanganyifu.

Kazi yenyewe, ikifanywa mapema, huchukua saa moja au mbili. Injini iwe baridi. Kabla ya kufungua chochote, vumbi lililolala juu ya injini lifutwe na kupulizwa, kwa maana baada ya hapo mdomo wa turbo utakuwa wazi chini yake. Kifuniko cha plastiki huondolewa, soketi za sensa za hewa huchomolewa kwa kubonyeza kufuli zake na si kwa kuvuta nyaya, kisha hutoka paipu za kutoka kwenye masanduku mawili ya filta, na mwisho ile paipu yenye umbo la Y inayokutana na turbo. Paipu ya kupumulia hushikwa na bolti za kichwa cha nyota. Plastiki iliyopikwa miaka kumi huvunjika kwa papara, kwa hiyo mpira ukigoma paipu inageuzwa kidogo huku na huku mpaka ulegee. Bisibisi isitumike kuchokonoa.

Mara mdomo unapoachwa wazi, uzibwe. Kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kikubwa kiasi cha kutoweza kuzama, kinatosha. Nati moja ikidondoka humo na injini ikawashwa, turbo imekwenda.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni kukagua plastiki. Mpira mpya hauwezi kuziba paipu iliyopasuka au iliyopinda kwa joto, na kuna magari yaliyobadilishiwa mpira mara kwa mara huku ufa ukiwa kwenye shingo ya paipu, upande wa chini usioonekana. Shingo ipanguswe mpaka ikauke, igeuzwe kwenye mwanga, na kucha ipitishwe kuizunguka yote. Mfereji wa mpira usafishwe kwa kitambaa na kijiti cha mti, kwa sababu chuma kinaweza kuukwaruza. Mpira mpya upakwe oili safi ya injini kiasi kidogo, ukae kwenye mfereji bila kujikunja, na paipu isukumwe moja kwa moja kwa mkono hadi ifike mwisho. Bolti ni za kushikilia paipu ikiwa imeshakaa. Zikitumiwa kuivuta iingie, mpira hukatika ukingo na kazi yote inakuwa bure. Wa paipu ya kupumulia hufungwa kwa utaratibu uleule, na kuubadilisha mmoja bila mwenzake hakuna maana, kwa sababu imezeeka pamoja.

Bonde nalo lisafishwe. Dawa ya kuyeyusha grisi, brashi na vitambaa vinatosha. Maji ya presha yasikaribie, kwa kuwa yataisukuma oili na unyevu kwenye soketi za umeme. Soketi ya mota ya vibati ifunguliwe na kutazamwa. Ikiwa na oili ndani, ikaushwe, na mwenye gari aambiwe kwamba mota imeanza kuguswa. Usafi huu una faida nyingine, kwani chini ya bonde hilohilo kuna kipoza oili, ambacho sili zake pia huchoka na kuvujisha oili inayotokea nyuma, karibu na gia boksi. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, inayotaka turbo ing'olewe. Bonde likiwa safi na mipira ya juu ikiwa mipya, oili mpya ikionekana baada ya kilomita mia chache, fundi atajua inatoka juu au inatoka chini. Likiachwa chafu, atakuwa anabahatisha kwa pesa za mtu mwingine.

Kuhusu spea, jambo la kuuliza dukani ni aina ya mpira. Ule wa kawaida unaofaa kwa mabomba na pampu za maji hauhimili joto la hapo. Unaofaa ni wa jamii ya Viton, unaovumilia oili na joto la karibu digrii 200. Rangi peke yake haithibitishi, kwa sababu rangi yoyote hutiwa. Asiye na uhakika na duka la karibu anunue kwa muuzaji wa kampuni. Hata huko, kwa kulinganisha na mota, bei ya mpira ni ndogo.

Kwa gari lililoshuka bandarini, wakati wa kubadilisha ni huduma ya kwanza kabisa, hata kama pamekauka. Baada ya hapo, mipira ifunguliwe na kukaguliwa kila filta ya hewa inapobadilishwa mara ya pili, na anayepita sana kwenye vumbi aikague kila mara. Fundi aandike kwenye kitabu cha huduma tarehe, kilomita, na ikiwa plastiki ilikuwa nzima au ilikuwa na dalili ya ufa. Mpira wa zamani arudishiwe mwenye gari mkononi, auone ulivyokuwa bapa, na pesa ya kazi ilipwe baada ya gari kwenda mwendo na kurudi, kufunguliwa boneti, na karatasi nyeupe kupanguswa chini ya kiungo ikatoka kavu.